Luqmani Mwosha na Tundu la Nyuma ya Sikio

Luqmani aliosha maiti wa kiume hapa Kirongwe miaka thelathini na moja, na katika muda wote huo hakumwambia mtu hata neno moja la alichokiona. Namjua kwa sababu kamwoa dada yangu, na kwa sababu Kirongwe nzima hakuna mtu nisiyemjua, hata wanaojificha nawajua.

Nimemchokonoa sana. Alipokufa mzee mmoja aliyejisifu maisha yake yote kwamba ana kovu la chui mgongoni, nilimfuata Luqmani mpaka shambani.

"Shemeji, lile kovu lilikuwapo?"

Akaendelea kupalilia mihogo yake. "Limekwenda na maji."

Hilo ndilo jibu lake. Maji ya kuoshea hushuka kwenye ufuo, lile shimo linalochimbwa chini ya kitanda cha maiti, na ufuo ukishafukiwa, yaliyoonekana yamefukiwa nayo. Mwosha anayesema si mwosha, ni mwizi. Kwa hiyo wanaume wa hapa walikuwa wakifa bila wasiwasi. Mwenye kidonda chake, mwenye ngiri yake, mwenye chale alizochanjwa na mganga akawa anamficha imamu, wote walijua Luqmani yupo.

Kazi aliirithi kwa baba yake akiwa kijana, mwaka wa kipindupindu, watu walipokuwa wakiogopa hata kushika ncha ya sanda. Siku nyingine ni mtu wa kusokota kamba za makumbi na kulima mihogo. Hana maneno. Ana mikono laini kama bibi harusi, na ukimwamkia anakutazama kwanza kichwani kisha miguuni. Mimi huwaambia watoto: huyo anakupimia sanda, simameni wima asipunje.

Mwaka juzi, kabla ya mfungo, alikufa Ukasha wa Mfaume. Kijana wa miaka ishirini na minne, mkwezi, hakuna mnazi uliomshinda. Aliitwa na msimamizi wa shamba moja kubwa la minazi aangue nazi, akaondoka alfajiri, na jua halijapanda akaletwa juu ya mkokoteni. Kaanguka. Na kweli alianguka, hapo hakuna aliyesema uongo. Mguu ulikuwa umevunjika, mbavu zimeingia ndani, uso umevimba. Nani amwite tabibu amtazame mkwezi aliyeanguka? Mfaume, baba yake, alijaribu kuingia kwenye kuosha, akaishia mlangoni. Mama yake, Arafa, alikuwa ndani na wanawake, sauti imekauka. Luqmani akafunga pazia na mtu mmoja tu wa kumimina maji, tena amesimama upande wa miguu.

Haya ya nyuma ya pazia nimeyajua baadaye, yaliposemwa mbele ya hakimu. Alipofika kichwani, kidole chake kilizama. Nyuma ya sikio la kushoto, ndani ya nywele, palikuwa na tundu dogo la mviringo, punje ya mbaazi ingeliziba. Akageuza kichwa kutafuta tundu la pili. Hakuliona. Akasafisha, akaziba kwa pamba, akatia karafuu maiti, akafunga sanda. Alasiri ile ile tukazika.

Sasa, yule mwenye shamba, kila mtu alijua kwamba ana bastola. Ni kidude kidogo tu, alikiweka kwenye mkoba wa kiunoni, na harusini alikuwa akipenda kuupapasa ule mkoba ili tumwone. Luqmani alijua kama tulivyojua sote. Siku tatu hakula vizuri, dada yangu akadhani ni mafua. Siku ya nne akaja barazani kwangu, akakaa, akasokota kamba, mwishoe akauliza.

"Shemeji, wewe ulipitia mgambo."

"Nilipitia? Niliwafundisha walionifundisha!" Katika shabaha nilikuwa wa tatu kati ya watu arobaini, na yule wa pili alibahatisha tu.

"Hivi risasi ikimpiga mtu kichwani, inaacha matundu mangapi?"

"Mawili! La kuingilia dogo, la kutokea unapitisha ngumi. Mfupa ni kitu gani mbele ya risasi? Sisi tulipiga gogo la mnazi, risasi ikatokea upande wa pili ikaua na kuku wa watu."

"Hata ikiwa ndogo? Ya bastola?"

"Risasi ni risasi. Ukiona tundu moja, huo ni msumari, au kisiki, au umeota."

Akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa gunia. "Alhamdulillahi," akasema, akaondoka. Mimi sikumuuliza anamaanisha nini. Nilikuwa nimefurahi kuulizwa.

Maskini Luqmani, aliamini. Chini ya minazi vimejaa visiki na vifuu vilivyopasuka, basi kijana ameangukia kimoja. Akaenda kwenye khitma, akala na Mfaume sahani moja.

Baada ya siku ya kumi hivi nilikwenda zahanati kuchukua dawa zangu za presha. Tabibu wetu ni Isdory, mtu wa bara, ambaye humu kisiwani amejifunza kula pweza na bado hajajifunza kuninyamazisha. Nikamsimulia habari za risasi na mfupa, nikaongeza na yule kuku. Isdory akacheka mpaka akaweka kalamu chini.

"Mzee Sudi, shikamoo kwa mara ya pili. Hiyo yenu ilikuwa bunduki ya vita. Bastola ndogo ni mambo mengine."

"Mengine vipi? Haiui?"

"Inaua. Ila risasi yake nyepesi, kasi yake ndogo. Fuvu si ukuta wa namna moja: kwenye panja ni jembamba, paji la uso na nyuma ya sikio ni nene. Ikija kwa mshazari inaweza kuteleza juu ya mfupa, ikakaa chini ya ngozi. Nimewahi kupokea mtu amekuja kwa miguu yake, risasi imekwama kwenye paji. Na ikitoboa upande mmoja, nguvu imekwisha pale pale. Upande wa pili inagonga tu, inabaki ndani."

"Kwa hiyo tundu..."

"Moja. Mara nyingi ni moja. Mbona umekauka, mzee?"

Dawa niliziacha mezani. Nimewahi kukimbia mara mbili maishani, na ile nyingine nilifukuzwa na nyuki. Nilimkuta Luqmani uani, makumbi yamemzunguka.

"Shemeji, nilikudanganya," nikasema. Neno hilo mdomoni mwangu halijazoea kupita. "Risasi ndogo haitoki. Inabaki kichwani."

Hakuniuliza nani kaniambia. Akatazama viganja vyake. "Nimeziba mimi. Kwa pamba. Damu nimeiosha mimi mwenyewe, Sudi."

"Hukujua."

"Nilijua. Nilikuja kwako ili nisijue."

Akasema tena, polepole: "Nikifungua mdomo, nani ataniachia tena maiti ya baba yake? Kila nyumba hapa nina siri yake. Watasema leo kasema la Ukasha, kesho la nani? Na nikinyamaza, Mfaume atakufa akijua mwanawe aliteleza. Ukasha hakuwa mtu wa kuteleza."

Akanawa, akavaa kanzu. Polisi angeweza kwenda kwanza, akakataa. Alikwenda kwa Mfaume, na mimi nyuma yake.

Mfaume alisikiliza mpaka mwisho. Hakupiga kelele.

"Siku kumi na moja, Luqmani. Ulikula khitma ya mwanangu."

"Nilikula."

"Kidole chako kimeingia kichwani mwake, ukanipa mkono wa pole."

"Nilikupa."

"Toka kwangu."

Siku ile ile Mfaume akapanda bodaboda mpaka Kilindoni, polisi. Amri ya mahakama ikatoka, akaja daktari kutoka Dar es Salaam, kaburi likafukuliwa, pamezungushiwa turubai, Isdory akimsaidia. Risasi ilikuwa ndani. Ilitoboa ule mfupa wa nyuma ya sikio, ikavuka, ikagota upande wa kulia ikafanya ufa tu, ikabaki hapo imebapa kama mbegu ya tikiti. Mwenye shamba akakiri kwamba alifyatua juu kumtisha mwizi wa nazi. Mwizi gani? Kijana aliyepandishwa na msimamizi wake mwenyewe, ambaye hakukumbuka kumwambia bwana wake. Yuko mahabusu, kesi inaendelea.

Na Luqmani? Upande mmoja wanasema alinyamaza sana, upande wa pili wanasema alisema sana. Tangu hapo wamekufa wanaume watatu Kirongwe, na mara zote tatu mwosha amefuatwa kijiji cha Bweni, kwa barabara ile ya mashimo. Dada yangu analia. Yeye huenda mazikoni, hukaa nyuma, huchukua udongo wake kwa mkono, hurudi kulima. Imamu alijaribu kuwasemesha watu, wakaitikia vizuri, kisha wakapiga simu Bweni.

Mara moja tu ameitwa, siku ile ile ya kufukua. Daktari alipomaliza, ilibidi kijana avishwe sanda mpya arudishwe kaburini. Harufu unaijua mwenyewe, sitakuelezea. Watu walirudi nyuma wakiziba pua kwa vilemba, na mimi, bingwa wa mgambo, nilikuwa mbele yao kwa kurudi nyuma. Mfaume akatazama huku na huku, kisha akamwonyesha kidole Luqmani.

"Wewe. Hakuna mwingine. Lakini leo mimi nasimama kichwani, na kila utakachokiona unaniambia."

Luqmani akakunja mikono ya kanzu. Wakaingia nyuma ya turubai, wawili peke yao. Tuliobaki nje tulimsikia mtu ambaye hajawahi kusema, akisema, kwa sauti ya chini, bila kuruka kitu: mguu umevunjika hapa, mbavu hizi tatu, mkono mzima, shingo nzima, pamba ni yangu, tundu ni hili. Na baada ya kila neno tulimsikia Mfaume akijibu, "Endelea."