Joka la Fundi Saa

Jirani yangu fundi saa hushika sarafu zake za fedha ukingoni tu, kwa ncha za vidole, kama mtu aliyebeba yai bichi. Simba mwenye taji na fahali wa pembe ndefu, waliochongwa juu ya sarafu hizo, wana vitambaa vyao sandukuni. Joka lenye mabawa, kipenzi chake, hutembea nalo kwenye mfuko wa shati. Ukikohoa karibu, anakufokea. Ukitaja kuzisafisha, ole wako. "Huo weusi ndio umri wao," husema. "Ukiufuta, umeua mnyama." Jana alinikaribisha nikawaone, na tulipofungua mlango tukapigwa na butwaa. Mama yake, aliyekuja kumtembelea, alikuwa anazisugua kwa majivu na ndimu. Ziling'aa kama sufuria mpya, na simba hakuwa na uso tena. "Mwanangu, mbona uliziacha zikachakaa hivi?" Niliziba masikio nikingoja radi ipige. Fundi akaingiza mkono mfukoni, akalitoa joka, jeusi tititi, akaliweka kwenye kiganja cha mama yake chenye majivu. "Na hili, mama," alisema. "Limechafuka mno."