Niliamuru Kebo Ikatwe, Lawama Nikamtupia Shemeji

Mimi ndiye niliyesema "Kata!" Si mtu mwingine. Nimemdanganya mke wangu, nimewadanganya wakwe zangu na injinia, na leo nimechoka kulimeza jambo hili. Nisikilizeni, halafu mnitukane mkitaka, nastahili!

Mimi ni fundi ujenzi hapa Bukoba. Tulipewa kazi ya kugawa vyumba vya maduka kwenye jengo moja la ghorofa huku mtaa wa Bakoba. Jengo lilikuwa limekwisha kusimama, sisi tulitakiwa tu kuinua kuta mpya juu ya slabu, yaani sakafu ya zege, na kuzishikiza kwa nondo fupi.

Injinia alituonya mapema. Alisema slabu ile si ya kawaida, ndani zimepita kebo za chuma zilizovutwa kwa mashine mpaka zikakaza, na ndizo zinazobeba ghorofa. "Mashimo ya nondo yawe mafupi kama kidole. Mkigonga chuma, acheni, mnipigie simu."

Nikaitikia, "Sawa, injinia." Moyoni nilimcheka! Lile tetemeko la ardhi la 2016 lilipotupiga, ukuta wa nyumba ya mama yangu kule Kaagya ulilala chini wote kwa sababu haukufungwa na kitu. Mama tulimtoa kwenye vumbi akiwa hai, namshukuru Mungu. Toka siku ile mafundi wengi wa huku tuna ugonjwa mmoja, ukuta tunaufunga mpaka unaomba msamaha. Sasa uniambie shimo la kidole? Niliona ni mchezo wa watoto.

Aliyeshika drili alikuwa shemeji yangu wa Muleba, mdogo wake mke wangu. Mtu mpole, ana mke na mtoto. Sisi tunaitana muramu, shemeji kwa Kihaya.

Akasimamisha drili. "Muramu, hapa nimegonga chuma. Tusimpigie injinia?"

"Chuma gani? Hiyo nondo tu! Badilisha biti, weka ya kukatia chuma, kata!"

Akakata. Ee Mungu wangu! Ulitoka mlio kama bomu, sakafu ikapasuka, kebo ikachomoka na vipande vya zege vikampata usoni. Nilimkuta amekaa chini ameshika macho, anauliza, "Muramu, uko wapi?" Nilikuwa mbele yake kabisa.

Macho yote mawili yalipotea.

Ningeishia hapo ningekuwa mjinga tu. Lakini injinia alipofika mbio akauliza nani karuhusu, nikajibu, "Nilimkataza, hakusikia." Uongo ulitoka wenyewe, jamani! Hospitalini nikaurudia mbele ya wakwe. Mama mkwe akalia, "Mwanangu, ukaidi umekuponza." Shemeji alikuwa amelala pale na bandeji usoni, anasikia kila neno.

Baadaye tulipobaki wawili nikamuuliza kwa nini hakusema ukweli. Akasema, "Macho yangu yameshakwenda. Nikisema, na ndoa ya dada nayo iende?"

Heri angenipiga! Mimi nina kazi, nina macho, nina heshima kwa wakwe, na vyote nimevipata kwa mgongo wa kipofu niliyempofusha mwenyewe.

Mafundi wenzangu, ukiambiwa slabu ina kebo, usijitie ujuaji. Pima kwanza ujue zimepita wapi. Mwenzako akisema amegonga chuma, mwambie aache, hata kama tajiri mwenye jengo amesimama mlangoni anahimiza kazi. Na ukishakosea, sema palepale damu ikiwa bado mbichi! Ukilala nalo siku moja, kesho yake ulimi unakuwa mzito, na mwakani huwezi tena. Mimi nimeshindwa, ndiyo maana naandika bila jina.

Jumapili iliyopita tulikwenda Muleba kumsalimia. Mke wangu akiwa anampakulia ndizi akamwambia, "Ungemsikiliza mume wangu, leo ungekuwa unamwona mwanao."

Shemeji akaitikia, "Ni kweli, dada."

Na mimi nikaendelea kula.