Kwa Nini Deo Hakucheza Leo

Jamani, leo nimemtukana kocha mbele ya mke wake.

Tulikuwa uwanjani Kilema, timu yetu inacheza na vijana wa Sanya Juu. Kuangalia hivi, Deo, mfungaji wetu tegemeo, yuko benchi!

Tukawaka. Mmoja akasema siku hizi Deo anaringa. Mwingine akasema amekorofishana na wenzake. Mimi nikapaza sauti kuliko wote: "Kocha ana roho mbaya tu!"

Mama mmoja aliyekaa mbele yangu akageuka, taratibu kabisa.

"Mwanangu, kocha ni mume wangu."

Weee! Nikaishia kusema, "Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akanisogelea. "Deo kafiwa na mama yake. Wamemzika juzi kwao Tarakea, jana karudi. Mzee wangu alimwambia apumzike, akasema kule chumbani peke yake hawezi. Basi akamwambia avae jezi, aje akae karibu naye."

Nikatazama benchi upya. Kocha alikuwa amemwekea Deo mkono begani, wala hautoi.

Kipindi cha pili tukafunga. Aliyefunga hakuja kushangilia kwetu. Alikimbia moja kwa moja benchi, timu nzima nyuma yake, wakamkumbatia Deo mpaka tukawa hatumwoni.

Alipoibuka alikuwa analia na kucheka kwa pamoja.

Na mimi machozi yalinitoka, nichekeni tu kama mnataka.

Mkikutana naye mjini, tafadhali msimuulize kwa nini hakucheza. Mpeni pole.