Salamu za Jumamosi Tatu

Mshona tanga huyu watu walimzoea kwa jina la Sindano, na si kwa sababu ya kazi yake tu. Ulimi wake nao ulikuwa unachoma. Kwa miaka kumi na minne alishona matanga ya boti za watu siku za kawaida, na msimu wa mashindano ulipofika alipanda boti ya watu wawili pamoja na rafiki yake Mwalimu, mtu wa hesabu za sekondari, hana mke, hana ndugu, ana mama tu.

Katika boti kama hiyo mmoja akilala mwenzake yu macho, na kitanda ni kimoja, hakipoi. Watu wakiwauliza kama ni mke na mume, Sindano alijibu kwamba mke na mume hugombana wakiwa macho wote wawili, na wao hawajawahi kupata nafasi hiyo.

Mwaka huu goti lake liligoma. Likapasuliwa, akakatazwa bahari, na nafasi yake ikachukuliwa na daktari mmoja wa meno, mtu mpole hata kumchukia ni kazi. Sindano akameza wivu wake kimya kimya.

"Niangalizie mama, dada," Mwalimu alimwomba. "Ukiwepo wewe, moyo wangu umetulia."

Kabla ya kuondoka akajaza fomu ya mashindano, ambayo wote wawili walikuwa wakiijaza kila safari. Ina swali linalowanyamazisha watu wazima: akifa mtu wako, uambiwe huko huko baharini, au usubiri nchi kavu? Mwalimu akatia alama penye nchi kavu. "Huko katikati nitafanya nini, nishuke nitembee?" Wakacheka. Kwenye nafasi ya mtu wa kuleta habari akamwandika Sindano.

Wiki ya tatu ya safari mama akaanguka jikoni. Alilazwa siku sita, akafariki. Sindano na majirani wakamzika.

Mpaka hapo hakuna wa kulaumiwa. Balaa lilianza Jumamosi, Mwalimu alipopiga simu ya setilaiti, dakika zake mbili za kila wiki. "Mama hajambo?" Sindano angeweza kusema simu inakatika. Angeweza kuuliza habari za upepo. Lakini ulimi ule uliozoea kuchoma watu ukalainika ghafla: "Hajambo. Anasema uvae sweta, huko kuna baridi." Mwalimu akacheka kwa furaha, na kicheko hicho ndicho kilichomponza Sindano. Jumamosi ya pili mama akamhimiza ale vizuri. Ya tatu akasema amemwota, amenenepa. Maneno hayo Sindano aliyatunga mapema, akayajaribu peke yake chumbani kwa namna ya kusema ya marehemu, Mungu amsamehe.

Boti zilipofika kituoni kwa mapumziko ya siku tano, alisafiri kwenda kumlaki. Alimkuta gatini amekonda, ndevu zimemvamia uso, amevaa sweta kwenye jua kali. Hakumwachia nafasi ya kusalimiana na watu. Akamshika mkono mpaka ndani ya kontena ambamo mafundi walikuwa wakishonea matanga, akafunga mlango, akamketisha juu ya rundo la vitambaa.

"Ni mama," alisema Sindano.

Mwalimu alimtazama. "Lini?"

"Siku ya ishirini na nne tangu muondoke."

Mtu wa hesabu hahitaji kalamu. "Jumamosi tatu," akasema polepole. "Na sweta?"

"Ni mimi."

"Na ile ndoto?"

"Mimi, Mwalimu. Nisamehe. Sikujua nitakujibu nini."

"Fomu ilisema unyamaze, dada. Haikusema umsemee."

Nje watu walikuwa wakiishangilia boti nyingine inayoingia. Sindano aliona wazi kwamba miaka kumi na minne ilikuwa inamponyoka, na aliumia kweli kweli.

"Alinitaja?" Mwalimu akauliza.

Jibu tamu lilikuwa tayari mdomoni mwa Sindano. Alikutaja kwa upendo, akakubariki, akalala. Nani angejua? Wiki tatu za mazoezi si haba.

"Alikuwa anauliza umefika wapi," akasema. "Mlango ukifunguliwa anageuza kichwa, anadhani ni wewe. Nikimweleza uko mbali, ananikasirikia, anasema nakuficha. Siku tatu alikuwa hivyo. Siku ya nne akaacha kuuliza. Hakukutaja tena mpaka mwisho."

Mikono ya Mwalimu, iliyochubuliwa na kamba, ilikuwa imelala mapajani.

"Sasa ndiyo umeniambia mama amekufa," akasema, na akaanza kulia.