Kadi Iliyojaa Mpaka Shingoni

Mama mdogo alinipokea mlangoni kwa tabasamu, kigemu cha mdogo wangu kikiwa mkononi mwake, amekifuta vumbi mpaka kinang'aa. Alisema si vizuri mgonjwa alale hospitali na michezo ile ile ya kila siku, kwa hiyo alipokwenda sokoni asubuhi alikipitisha kwenye kibanda cha yule kijana anayewajazia watu nyimbo kwenye simu.

"Kakijaza chote," alisema. "Nyimbo, filamu, magemu. Utaona atakavyofurahi."

Nilikiwasha nikiwa bado na viatu. Kioo kilinionyesha nyimbo na nyimbo, kisha filamu za ngumi zilizotafsiriwa na mtu mmoja anayefoka kwa niaba ya waigizaji wote. Nilishuka mpaka chini, nikapanda mpaka juu. Nilichomoa kadi yake ya kumbukumbu, nikaipuliza, nikairudisha. Mchezo wa mtaa wetu haukuwemo.

Mama mdogo alikuwa ananitazama usoni. Tabasamu lake lilikuwa bado lipo, lakini lilikuwa limeanza kuogopa.

Kigemu kile hakikuwa cha aina ile ambayo mwenye kiwanda ndiye anayeamua ucheze nini. Kilikuwa wazi. Kilikuwa kompyuta ndogo yenye vitufe, mtu yeyote angeweza kuweka humo mchezo aliouandika mwenyewe, na kiliweza pia kuiga mashine za zamani, kikachezesha michezo ambayo mashine zake zimeshatupwa jalalani. Mdogo wangu alikipenda kwa hilo. "Dada, humu vilivyokufa vinacheza," aliniambia siku alipokipata kwa rafiki yake. Mgongo wa kigemu ulikuwa umepasuka, na baba, ambaye ni mchonga vinyago, alimchongea mwingine wa mpingo kabla hajarudi Newala. Ukikishika kilikuwa kizito na cha baridi, kama kitu cha ukoo.

Mdogo wangu ana selimundu. Ameugua tangu akiwa mtoto, na siku ambazo mifupa inamwaka hawezi kufanya lolote ila kulala chali na kushika kitu kidogo. Kompyuta aliyojifunzia kuandika programu ilirudi kwa mwenyewe zamani. Basi alichomeka kibodi kidogo kwenye kile kigemu, akawa anaandika humo humo, kitandani, mstari baada ya mstari, kama mimi ninavyoandika riwaya zangu ila yeye kwa maumivu zaidi na malalamiko machache. Kazi zake zote zilikaa kwenye kadi ya pembeni. Hazikuwa mahali pengine popote duniani.

Alichokuwa anakiandika ni mtaa wetu wa Temeke. Unakuwa mtoto mwenye ndoo. Unatoka bombani, unakwepa bajaji, unakwepa kuku wa jirani na maji machafu yanayotiririka kutoka gereji, na kila ukijigonga maji yanapungua. Hakuna adui wa kumuua wala taji la kushinda. Kushinda ni kufika nyumbani. Ukifika kwenye mlango wetu wa bluu, pazia linasogea na sauti ya mama inasema: "Nawa kwanza, chakula hakikimbii."

Ilikuwa sauti yake yenyewe. Mdogo wangu alimrekodi jikoni kwa simu ya mama mwenyewe, bila yeye kujua, mwaka mmoja kabla hajafariki. Ilipofika arobaini, vitu vyake viligawanywa kama desturi inavyotaka: kanga kwa dada zake, sufuria kwa wifi, simu kwa mjomba. Na mjomba alifanya anachofanya kila mtu anayepokea simu ya marehemu. Aliisafisha ikabaki tupu kama imetoka dukani, kwa heshima, asije akasoma mambo ya dada yake. Hatukumlaumu. Tulijua sauti tunayo kwenye kadi.

Niliyasema haya kwa mama mdogo pale pale mlangoni, kwa sababu sikujua jinsi ya kuyaficha. Alikaa kizingitini. Alivuta kanga akaziba mdomo. Kisha aliuliza kwa sauti ndogo kama kuna dawa yake.

Sikujua. Nilichojua ni kwamba madaktari walikuwa wamesema mdogo wangu ataruhusiwa mwisho wa juma, na tayari alishanipigia kuniuliza kigemu kiko wapi na nisisahau chaja. Nilikuwa nimemjibu kwamba kipo salama.

Nilikwenda kwanza kibandani. Yule kijana alikuwa amezungukwa na spika na nyaya, anakula mihogo ya kukaanga kwenye gazeti. Alikikumbuka kigemu kwa mgongo wa mpingo. Nilimuuliza kama alihamisha vilivyokuwemo kabla hajafuta, na akaniangalia kama nimemuuliza kama huwa anatunza maji aliyooshea vyombo. Watu wanaleta kadi zijazwe. Kadi haijazwi juu ya uchafu.

Nilimuuliza aliweka vitu kiasi gani. Hapo akaacha kutafuna, akajivuna kidogo.

"Mie huwa naacha nafasi, sista, ili mtu arudi. Lakini bi mkubwa alisema ni ya mgonjwa. Nikamjazia mpaka shingoni. Haiingii hata wimbo mmoja."

Alikuwa amefanya wema. Niliuona usoni mwake, wema mtupu, na sikuweza kumfokea. Nilimweleza kilichopotea. Akafunika mihogo yake, akafuta mikono kwenye suruali, akanitajia mtu wa Sinza anayefufua kadi na simu zilizozama. Akasema nikimbie na nisikiwashe tena kile kigemu njiani, hata kidogo.

Mtu wa Sinza ana chumba juu ya baa. Mchana ule walikuwa wanaosha sakafu chini, na harufu ya bia ya jana ilipanda ngazi pamoja nami. Nilimpa shikamoo, akaipokea bila kuinua kichwa. Aliniuliza swali moja tu: baada ya kufutwa, iliandikwa tena? Nilipomwambia imejazwa, aliweka kadi mezani, akaiangalia kwa huruma ambayo mtu huwa nayo kwa mtoto wa mwenzake.

"Kufuta ni kung'oa namba ya nyumba tu, dada yangu. Waliomo ndani bado wamo, mpaka waingie wapangaji wapya. Hawa wako wameingia mpaka jikoni."

Nilimwomba ajaribu. Nilimwomba tena, ingawa alishakubali. Nikakaa kwenye stuli huku mashine yake ikiisoma kadi polepole, na nikafanya kitu ambacho sikuwa nimefanya tangu msiba: nilijaribu kuisikia sauti ya mama kichwani. Maneno yalikuja yote. Nawa kwanza. Lakini yalikuja kwa sauti yangu. Nilibadilisha, nikaishusha, nikaikwaruza kidogo kama alivyokuwa anakwaruza baada ya kupuliza moto wa mkaa, na kila nilivyoitengeneza ilizidi kuwa ya kwangu. Mimi ninayejidai kuandika watu mpaka wapumue kwenye karatasi. Nilikaa juu ya ile baa na sikuwa na mama hata masikioni.

Vilipatikana vipande. Robo ya picha ya mlango wa bluu. Mistari ya programu iliyokatika katikati ya neno. Na faili moja ya sauti, ambayo alinipa nisikilize kwa spika za masikioni akageukia dirishani.

Kwanza ukimya wa jikoni kwetu. Mfuniko wa sufuria ukagonga ukingo. Kisha mama akasafisha koo, hivi, kidogo, kama alivyokuwa anafanya kabla ya kusema, na akavuta pumzi. Nami nikavuta yangu.

Singeli ikalipuka. Ngoma ile ya mbio, kijana anarapu kwa kasi ya cherehani, palepale ambapo "nawa" ilipaswa kuanza.

Nilirudisha mwanzo. Nikarudisha tena. Yule mtu alisubiri, halafu kwa upole akanitoa spika masikioni.

Mdogo wangu aliruhusiwa mwisho wa juma kama walivyosema. Mama mdogo alitaka kumwambia mwenyewe, na alimwambia, amepiga magoti kando ya kitanda ingawa yeye ndiye mkubwa. Mdogo wangu alimwinua kwa mkono ambao bado ulikuwa na plasta ya dripu. Hakulia. Aliomba asikie kilichobaki.

Aliposikia mara kadhaa, mama mdogo alisema jambo ambalo sote tulikuwa tunaliogopa. Yeye na mama, dada yake, walikuwa wamefanana sauti, hata watu kwenye simu walikuwa wanawachanganya. "Nirekodi mie, baba. Nitasema vilevile."

"Hapana, mama mdogo," alimjibu. "Nitajua."

Sasa anaujenga mtaa upya. Ndoo ipo, bajaji zipo, kuku bado. Nilimshauri aikate ile singeli, ibaki pumzi peke yake, ni kazi ndogo. Amekataa. Anasema kuna mahali pumzi na ngoma vimeshikana, hajui mpaka uko wapi, na anaogopa kisu chake kitamgusa mama. Kwa hiyo ukifika mlangoni unasikia mfuniko, unasikia koo, unasikia pumzi, na lazima ubonyeze kitufe haraka usimamishe.

Siku nzuri anabonyeza kwa wakati. Lakini zipo siku ambazo vidole vimevimba na dole gumba linachelewa. Siku hizo singeli inajaa chumba kizima mpaka uani, na mama mdogo anaacha mboga jikoni, anafungua geti, anatoka kwenda kusimama barabarani mpaka inyamaze.