Siku Tuliyotoka Kama Tunaenda Kusaga

Asubuhi moja ya masika nilitoka nyumbani na begi mgongoni, na kila aliyeniona alijua kwamba sina ninakokwenda. Ndivyo nilivyozoeleka. Niliacha shule darasa la sita, na tangu hapo nimekuwa mtu wa kuamka na kuondoka. Nimepakia dagaa ziwani, nimefyatua matofali Mpanda, nimelala Tunduma kwa sababu tu nilitaka kuona watu wa mpakani wanaishije. Nilipooa nikaishia kijijini kwa mke wangu, huku Nkasi, nyumba ya pili kutoka kwa mama mkwe. Hata hapo sikutulia.

"Mshikaji, safari tena?" jirani aliniuliza, akiegemea baiskeli yake. "Na mke tumbo lile?"

"Nitarudi."

"Lini?"

"Sijui."

Akatikisa kichwa, akaenda zake. Hakujua kwamba kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa na mpango.

Mpango ulianzia zahanati. Ilikuwa mimba yetu ya kwanza, na nesi alitaka akina baba nao waje kwenye somo la kujiandaa kujifungua, wakae benchi moja na wake zao. Wenzangu walikaa wakitazama viatu vyao. Mimi nikauliza. Mtoto anapumuaje humo ndani? Nani anamwambia siku ya kutoka imefika? Mke wangu akanifinya.

"Wewe baba unayetaka kujua," nesi akasema, "hebu vua sweta."

Nikavua, na baridi ile. Akachukua mwanasesere wa matambara, akamwingiza ndani ya sweta kichwa mbele. Mwanasesere akatokeza shingoni bila taabu. Kisha nesi akamrudisha, akamlaza kwa kukingama, akanipa mimi.

"Mtoe."

Nikasukuma. Shingo ya sweta ikavutika, mwanasesere hakutoka.

"Sukuma, baba! Si una nguvu?"

Wanawake wakacheka sana. Halafu kicheko kikaisha chenyewe, maana kila mtu alikuwa ameona.

Baada ya somo nesi alimpapasa mke wangu tumbo, akarudia tena taratibu. Mtoto wetu alikuwa amelala hivyo hivyo, amekingama. Huenda angegeuka, huenda asingegeuka. Akatuambia twende Sumbawanga mapema, mke wangu akae kwenye nyumba ya wajawazito wanaosubiri, jirani na hospitali inayofanya upasuaji. Uchungu ukimkuta kijijini, na barabara hii ya masika, tungeweza kuwapoteza wote wawili.

Mama mkwe akakataa. Kwake siku ya kwenda kujifungua haitangazwi, na mwanamke haonekani njiani na beseni na kanga mpya, kwa sababu si kila jicho linalokutazama linakutakia heri. "Na mimi nimezaa watoto wangu wote hapa hapa," akasema.

Sasa, mkwe hakai na mama mkwe kumweleza habari za uzazi. Hilo hata mimi niliyekimbia shule nalijua. Kwa hiyo nilimpa mke wangu sweta na gunzi, wakaingia jikoni wao wawili, mimi nikasimama nje nimewapa mgongo.

"Mwambie kwanza alipitishe wima," nikasema.

"Mama, anasema upitishe wima."

"Namsikia. Mimi si kiziwi."

Gunzi likapita.

"Sasa alilaze."

Nikamsikia mama mkwe akihema. Akasukuma, akapumzika, akasukuma tena, mpaka uzi wa sweta ukakatika.

"Mkwe!" akaita kutoka ndani.

"Naam, mama."

"Mtakwenda. Lakini mtu asiwaone."

Hapo ndipo tabia yangu ilipopata kazi. Mimi nikiondoka na begi, nani atashangaa? Na mama na binti wakienda mashineni kusaga, nani atawageukia? Asubuhi ile nilitangulia mimi. Nyuma yangu mama mkwe alijitwika ndoo, juu mahindi, chini kanga na vifaa vyote tulivyoagizwa na nesi. Mke wangu akafuata polepole, mkono kiunoni.

Jirani wa baiskeli akakutana nao pia.

"Shikamoo, mama. Mkweo nimemwona na begi. Ameanza tena!"

"Marahaba, baba," mama mkwe akajibu, akishusha pumzi kama mtu aliyechoka na dunia. "Mwanaume gani huyu, sijui."

Mke wangu alinisimulia hayo kwenye basi, akicheka huku ameshika tumbo, hata nikamwomba anyamaze. Wakati huo mama mkwe alikuwa keshatuacha barabara kuu. Alikuwa amemimina mahindi kwenye kanga yake, akatukabidhi ndoo na vyote vilivyobaki, akasema, "Nendeni. Mimi nakwenda kusaga."

Tulipoipita Namanyere, basi likazama kwenye tope. Wanaume tukashuka. Sijawahi kusukuma kitu namna ile.

"Sukuma, baba!" mke wangu akapiga kelele dirishani. "Si una nguvu?"

Likatoka.

Alasiri mke wangu alikuwa juu ya kitanda chake kwenye nyumba ya wajawazito, ametulia, uchungu haujaanza. Akina baba hawalali pale, kwa hiyo nikaenda mtaa wa Chanji kutafuta chumba. Mjini Sumbawanga nimelala mara nyingi, lakini sikuwahi kupanga chumba.

"Unataka usiku mmoja?" mwenye nyumba aliuliza, akitazama begi langu.

"Mpaka mtoto wangu azaliwe."

"Atazaliwa lini?"

"Sijui."

Akacheka, akanipa ufunguo na ufagio. Nikafagia, nikalitundika sweta msumarini. Shingo yake haijarudi mpaka leo. Binti yetu, ambaye mwishowe aligeuka mwenyewe akaja kichwa mbele, hulivaa kama gauni.

Kisha nikampigia simu mama mkwe.

"Tumefika, mama. Ana kitanda. Na mimi nimepata chumba."

"Kuna mtu aliyewaona?"

"Hakuna."

"Vizuri," akasema. "Na unga umetoka mweupe."