Mpishi wa Chuo cha Buhongwa

Chuo chetu kidogo cha Kimethodisti pale Buhongwa kilipofungwa, kanisa liliniomba mimi, mtunza maktaba, nibaki niandike historia yake. Wenzangu walishahama. Nilisoma kumbukumbu za vikao peke yangu, na kuna siku jioni ilifika sijatamka neno tangu asubuhi.

Siku moja akaja mama mzee kutoka Magu, aliyekuwa mpishi wetu tangu chuo kikiwa na darasa moja.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Nasikia unaandika habari za chuo. Mimi nimo?”

Nilikuwa nimeshajaza daftari zima. Wachungaji walikuwemo, wakuu wa chuo pia. Yeye hakuwemo, ingawa nilikula chakula chake miaka kumi na miwili. Niliona aibu, nikamwambia ukweli.

“Basi andika,” akasema, akavuta kiti.

Akanisimulia habari za mwanafunzi aliyejifungua jikoni mikononi mwake, na kesho yake akafanya mtihani. Sikuwa nimezisoma popote.

Nilimsindikiza hadi barabara ya Shinyanga. Niliporudi, maktaba ilikuwa kimya kuliko kabla hajaja. Nikafungua daftari jipya, nikaanzia jikoni.